Kocha Akionyeshwa Nyekundu, Aende Wapi?

Swali huanza pale refa anapotia mkono mfukoni na kuelekea benchi la ufundi badala ya kumfuata mchezaji. Simama kando ya mstari Nkubu kule Meru au Runyenjes kule Embu siku kama hiyo na utasikia majibu matano kwa dakika moja. Wa kwanza anasema kocha hapewi kadi, kadi ni za wachezaji. Wa pili anasema anapewa, ila anaruhusiwa kwenda kukaa na mashabiki. Wa tatu anaapa kwamba sasa timu itacheza pungufu. Wa nne anauliza refa kapata wapi mamlaka ya kumfukuza mwalimu aliyeleta wanafunzi wake. Wa tano, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, anatangaza kuwa mechi imekwisha na pointi ni za wapinzani.

La ajabu ni kwamba karibu kila jibu lina shina lake. Hadi 2019, kadi za soka kweli zilikuwa za wachezaji na wachezaji wa akiba. Kocha aliondolewa kwa mdomo. Katika mpira wa mikono, ofisa wa timu akifukuzwa, timu yake hupunguziwa mchezaji mmoja kwa dakika mbili. Mechi nayo inaweza kuvunjwa kocha akikataa katakata kuondoka. Ama suala la mwalimu na wanafunzi wake, hilo ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililofikiriwa kidogo kuliko yote. Jibu lisilo na shina ni lile la pili tu, la kukaa na mashabiki, na kwa bahati mbaya ndilo linalofuatwa zaidi viwanjani.

Kilichoandikwa

Sheria za soka hutungwa na bodi ya kimataifa iitwayo IFAB, na ndizo hizohizo kuanzia Kombe la Dunia hadi ligi ya kaunti. Tangu Juni 2019 zinampa refa uwezo wa kumwonyesha kadi ya njano au nyekundu mtu yeyote wa benchi la ufundi: kocha mkuu, msaidizi, meneja wa timu, hata daktari. Makosa yamepangwa kwa uzito. Kunung'unikia uamuzi kidogo, au kutoka nje ya eneo la ufundi mara mojamoja bila kosa jingine, ni la kuonywa kwa maneno. Kuipiga teke chupa ya maji kwa hasira, kumpigia refa makofi ya kejeli, au kuendelea kutoka kwenye eneo lako baada ya kuambiwa, ni njano. Kutoka makusudi ili kumkabili mwamuzi, kumfuata uwanjani hata kama ni mapumziko au kipenga cha mwisho kimelia, kutukana, kutishia, kuushikilia mpira ili wapinzani wasianze haraka: hizo ni nyekundu moja kwa moja. Njano mbili katika mechi moja nazo huzaa nyekundu.

Vipengele viwili hueleweka vibaya mno. Tusi likitoka benchini na refa asimtambue aliyelitoa, adhabu humwangukia kocha mkuu aliyepo hapo. Wengi huona ni uonevu, lakini kipengele hicho ndicho kinachomfanya kocha awatulize watu wake badala ya kujificha nyuma yao. Cha pili ni maana ya kutolewa. Aliyetolewa haondoki kitini tu. Anaondoka uwanjani na kwenye mazingira yake. Kwenda kusimama nyuma ya goli mikono ikiwa imekunjwa hakuitwi kuondoka. Mhudumu wa matibabu peke yake ndiye mwenye afueni: ikiwa timu haina mwingine, anaweza kubaki na kumhudumia mchezaji atakayeumia. Wachezaji uwanjani hawapungui.

Ukivuka kutoka soka kwenda michezo mingine, mambo yanageuka, na hapo ndipo vichwa huanza kuuma. Mwalimu wa michezo katika shule nyingi hafundishi mchezo mmoja. Asubuhi yuko na wasichana wa voliboli, alasiri yuko na wavulana wa soka, na muhula uliotangulia alikuwa na timu ya mpira wa vikapu. Katika voliboli kadi nyekundu peke yake haimwondoi mtu. Inawapa wapinzani pointi na nafasi ya kuanzisha mpira. Refa akiinua nyekundu na njano kwa mkono mmoja, kocha anatoka kwa seti hiyo. Akiziinua kila moja kwa mkono wake, kocha anatoka kwa mechi yote. Katika mpira wa vikapu hakuna kadi kabisa: kocha akiandikiwa faulo mbili za kiufundi kwa mwenendo wake mwenyewe, au tatu zikichanganywa na za benchi lake, anaenguliwa, na kanuni zinamtaka aende chumba cha kubadilishia nguo au aondoke kwenye jengo. Jengo lipi? Viwanja vingi vya vikapu vya shule ni saruji chini ya jua, katikati ya maabara na jikoni.

Uwanja usio na mlango

Swali hilo la jengo linaonekana dogo, lakini humo ndimo ugumu wote ulimo. Sheria imeandikwa kana kwamba kila uwanja una uzio, geti na chumba. Meru na Embu wapo wenye bahati: uwanja wa Kinoru uliandaliwa ukaweza kubeba sherehe za Madaraka za 2018, na uwanja wa Moi mjini Embu ukapata zamu yake kwa sherehe kama hizo 2023. Katika viwanja kama hivyo kocha aliyetolewa ana mahali pa kwenda, na kuna mlango wa kufungwa nyuma yake.

Mechi nyingi za mwaka hazichezwi huko. Zinachezwa kwenye viwanja vya shule na vya soko, vingine vimeinamia upande mmoja kwa kuwa vimekatwa kwenye mteremko wa mlima. Benchi la ufundi ni viti vilivyobebwa kutoka darasani. Mpaka kati ya mashabiki na mstari ni kamba ya mkonge, kama ipo. Pikipiki za bodaboda zimepangwa karibu na kibendera cha kona, na wenyewe wamekaa juu yake kama jukwaani. Eneo la ufundi, ambalo kisheria linaishia mita moja kila upande wa viti na mita moja kutoka mstarini, halijachorwa. Refa anapomlaumu kocha kwa kutoka eneo ambalo hakuna aliyelichora, kocha ana haki ya kuuliza ni lipi hilo.

Sasa kocha kwenye uwanja wa namna hiyo anatolewa. Hatua kumi nyuma yake kuna umati. Hatua ishirini kuna basi la shule, limeegeshwa nyuma ya goli kwa sababu dereva naye anataka kuona mechi. Mwalimu anapanda basi, anafungua dirisha, na dakika mbili baadaye anapiga kelele zilezile kutoka juu zaidi. Asipopiga kelele, simu ya msaidizi wake inalia. Refa ameshatoa adhabu kali kuliko zote alizo nazo, na hakuna kilichobadilika isipokuwa yeye mwenyewe kuonekana mdogo.

Hasira inakochemkia

Kabla ya kupima tiba ni vizuri kujua ugonjwa. Mashindano ya shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, taifa, kisha Afrika Mashariki. Kanda ya Mashariki inakusanya kaunti nane, kuanzia Makueni hadi Marsabit, na kila ngazi inavusha wachache. Mwalimu aliyechangisha wazazi nauli na kumbembeleza mwalimu mkuu ampe basi anaweza kurudi nyumbani siku ya pili kwa penalti moja. Refa anaponyoosha kidole kwenye doa, mwalimu yule anaona mwaka mzima ukimwagika.

Kwa upande wa klabu za ligi za chini kuna fedha. Mara nyingi ada ya waamuzi hutoka mifukoni mwa timu zenyewe siku ya mechi, na aliyelipa ana tabia ya kudhani amenunua kitu. Juu ya hapo kuna shaka. Mwaka 2018 Aden Marwa, mwamuzi msaidizi wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, alijiondoa baada ya kunaswa kwenye video ya uchunguzi akipokea dola 600. Waamuzi wa vijijini hawakuhusika hata chembe, lakini wao ndio waliolipa. Tangu hapo neno la kwanza linalotoka mdomoni mwa kocha aliyeudhika, hata kama kosa ni la kuotea tu, ni kwamba refa amekula.

Halafu kuna lugha, jambo ambalo waandishi wa sheria kule Ulaya hawakulazimika kuliwaza sana. Mechi ya kanda inaweza kumkutanisha refa kutoka Kitui na kocha kutoka Tigania. Kocha akitukana kwa Kimeru, refa anaona mdomo unavyokwenda na anasikia umati unavyocheka, lakini neno lenyewe limempita. Wako makocha wanaojua hivyo na wanaitumia lugha ya mama kama kichaka. Sheria haikuwaacha waamuzi mikono mitupu hapa: inaadhibu maneno na vitendo vilevile, kwa hiyo kidole, makofi na mkao wa mwili vinatosha. Kinyume chake nacho hutokea. Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kikuyu vimekaribiana kiasi kwamba refa mgeni huelewa zaidi ya anavyodhaniwa, na kocha hushangaa kuona kadi imetoka kwa sentensi aliyodhani imefichika.

Wanaotaka atolewe papo hapo

Kundi la kwanza lina msimamo mwepesi: sheria ni sheria. Anayemtukana mwamuzi atoke dakika hiyohiyo, iwe Kinoru au kiwanja cha shule ya msingi. Hoja yao ina uzito. Vijana wa miaka 16 wanamtazama mwalimu wao, na wakimwona akimkwida refa shati na kubaki kwenye kiti, watakuwa wamejifunza somo ambalo hakuna atakayeweza kulifuta ubaoni. Pia kuna usawa. Mchezaji akitukana anatoka. Kwa nini mtu mzima, aliyepaswa kujua zaidi, abembelezwe? Na kuna hatima ya kazi ya uamuzi yenyewe: vijana wanaojifunza kazi hiyo huitupa filimbi mapema wanapoona hakuna anayewalinda.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba inahesabu kadi kama kitendo kizima. Mahali penye askari na geti, kadi inafuatwa na mlango. Mahali pa kamba ya mkonge, kadi inafuatwa na mabishano, umati unasogea, wachezaji wanazunguka, na refa anajikuta katikati ya duara akishika karatasi nyekundu ambayo haina wa kuitekeleza. Kuna pia udhaifu wa hila. Kocha ambaye timu yake inaelemewa anaweza kuichokoza kadi makusudi ili apate dakika tano za kupumzisha wachezaji wake na kuvunja kasi ya wapinzani. Refa anayesimamisha mchezo haraka, mpira ukiwa mguuni mwa mshambuliaji wa timu nyingine, amemsaidia mkosaji.

Wanaotaka apandishwe ngazi

Kundi la pili linataka refa aanze chini: neno la upole, onyo rasmi, njano, na nyekundu ikibaki kuwa ya mwisho. Huu ndio mpangilio ambao mabadiliko ya 2019 yaliuleta, na manufaa yake hayahitaji kuhubiriwa. Makocha wengi hutulia kwenye njano. Kabla ya kadi, kocha aliyeonywa kwa mdomo aliweza kudai hakuonywa. Njano inaonekana na mashabiki wote, na nyekundu ikija haimshangazi mtu. Ngazi pia inampa msaidizi wa kocha nafasi ya kumvuta bosi wake kwa koti.

Lakini ngazi inahitaji mtu wa kuisimamia. Katika ligi kuu kazi hiyo ni ya mwamuzi wa nne, anayesimama katikati ya mabenchi mawili na kusikia kila kitu. Kiwanjani kwa shule mwamuzi wa nne mara nyingi hayupo. Refa yuko mita arobaini, na aliye karibu ni mshika kibendera ambaye macho yake yanapaswa kuwa kwenye mstari wa kuotea. Akigeuka kumsikiliza kocha, anakosa kuotea, na kukosa huko kunaongeza hasira ya benchi la pili. Hivyo onyo huchelewa, au hutolewa kwa benchi moja tu, lile lililo upande wake.

Ngazi ina hatari nyingine: wapo wanaoigeuza kuwa deni. Kocha anayejua kwamba ana onyo moja na njano moja kabla ya kutoka anazitumia zote mbili, kama mtu anayemaliza vocha kabla haijaisha muda. Ni lazima isemwe wazi kwamba ngazi haihusu makosa makubwa. Anayeingia uwanjani kumkabili refa hastahili neno la upole kwanza.

Wanaotaka yaishe kwa ripoti

Kundi la tatu ndilo lenye wafuasi wengi kimyakimya, na baadhi yao ni waamuzi wazoefu. Wanasema: usimtoe. Mvumilie, maliza mechi, panda gari lako, kisha andika ripoti. Adhabu atapewa na kamati ya nidhamu akiwa ametulia na umati ukiwa umelala. Wapo wanaoenda mbali zaidi na kusema pande mbili zikae chini zisameheane, kwa kuwa mwalimu na refa watakutana tena Jumamosi ijayo, au sokoni.

Rai hii isibezwe. Inatoka kwa watu waliowahi kukimbizwa. Pia inagusa jambo lililo ndani ya utamaduni wa hapa, ambako mzozo haumalizwi mpaka wazee waukalie. Katiba ya 2010 yenyewe, katika ibara ya 159, inahimiza njia za asili za kusuluhisha migogoro. Ila wanaoitaja suluhu ya wazee kama sababu ya kutomwadhibu kocha wanaisoma nusu. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, haimalizi shauri kwa kupeana mikono peke yake. Aliyekosa hutozwa, mbuzi au fahali kulingana na kosa, na toba yake inaonekana na wote. Kocha aliyebaki benchini hajatozwa kitu.

Ripoti nazo zina ugonjwa wake. Nyingi huandikwa usiku, kwa uchovu, na husema tu kwamba kocha "alimtukana refa vibaya". Kamati haiwezi kuadhibu neno "vibaya". Inahitaji dakika, mahali aliposimama, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, hata kama ni ya aibu na hata kama ni ya Kimeru, na aliyeyasikia. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataja adhabu isiyopungua mechi 15 kwa anayemshambulia mwamuzi kimwili, na Kenya ina Mahakama ya Migogoro ya Michezo iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Vyombo vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi iliyoandikwa vizuri na mtu wa kuifuatilia.

Nani hasa anamtoa?

Makundi yote matatu yanabishana kuhusu refa: awe mkali, awe mpole, asubiri. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo yote matatu yanapopotea njia pamoja. Kumfukuza kocha ni kazi mbili. Ya kwanza ni uamuzi, na hiyo ni ya refa peke yake. Maamuzi yake kuhusu yaliyotokea mchezoni ni ya mwisho. Ya pili ni uondoaji: kumsindikiza mtu mwenye hasira kutoka alipo hadi mahali pasipo na uwanja. Hiyo si kazi ya refa na haipaswi kuwa yake hata siku moja. Ni ya mwenyeji wa mechi, kamisaa, kamati ya mashindano na polisi kama wapo.

Kazi hizi mbili zikichanganywa, refa hugeuka bawabu. Anamwendea kocha uso kwa uso, anamwelekeza kwa kidole njia ya kutokea, anarudia amri mara tatu, na kila marudio yanampunguzia hadhi. Anayefahamu mpaka wa kazi yake hufanya kidogo zaidi. Husubiri mpira utoke, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kuumia. Huita msaidizi wake asimame naye ili kuwe na shahidi. Husimama hatua kadhaa kutoka viti vilipo, nje ya duara la benchi. Huinua kadi, na husema sentensi moja kwa heshima anayostahili mtu mzima: "Mwalimu, nimekutoa, tafadhali ondoka uwanjani." Halafu hugeuka, huandika dakika, na humwachia kamisaa. Hajibu swali la "nimefanya nini", kwa sababu mwenye kuuliza hahitaji jibu.

Yanayotokea penye ulinzi wa kutosha yanaonyesha kwa nini uondoaji usiachiwe bahati. Mei 31, 2023, baada ya fainali ya Ligi ya Europa mjini Budapest, José Mourinho, aliyekuwa ameonyeshwa njano tu, alimngojea refa Anthony Taylor kwenye maegesho ya magari na kumrushia matusi. UEFA ikamfungia mechi nne. Desemba mwaka huohuo nchini Uturuki, rais wa klabu ya Ankaragücü, Faruk Koca, aliingia uwanjani baada ya kipenga cha mwisho akampiga ngumi refa Halil Umut Meler, na ligi nzima ikasimamishwa. Mmoja alikuwa kocha, mwingine kiongozi. Wote wawili walimkuta refa baada ya mechi, pale ambapo kila mtu alikuwa ameshapumua. Ikiwa ni hivyo penye mamia ya walinzi, basi refa anayeondoka kiwanjani Ishiara nyuma ya bodaboda, begi mgongoni, yuko peke yake kuliko wanavyofikiri waliomteua.

Mwalimu na watoto wake

Limebaki jibu la yule mtu wa nne wa kando ya mstari. Kocha wa klabu akitolewa, timu yake ni ya watu wazima. Mwalimu akitolewa, anaacha watoto. Amewatoa shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu, wazazi wanamjua yeye, na mmoja wao akivunjika mguu dakika ya themanini ni yeye mwenye nambari za simu za nyumbani. Sheria ya soka ilimfikiria daktari ikampa afueni. Mlezi haikumtaja.

Wengine wanalitumia pengo hili kusema kwamba mwalimu asitolewe kamwe. Hilo linampa kinga mtu yuleyule anayehitaji mipaka zaidi, kwa kuwa ndiye anayeigwa. Wengine wanasema atoke na watoto watajijua, jambo ambalo hakuna mzazi angelikubali. Suluhisho liko kabla ya mechi: kila shule iandikishe watu wazima wawili, na jina la pili liwe la mtu aliyepo kweli uwanjani. Gharama yake si ndogo. Shule inayotoka mbali, tuseme Moyale, huenda ilibana nauli mpaka ikaja na mwalimu mmoja, na kuizuia kucheza kwa hilo ni kuwaadhibu maskini kwa umaskini wao. Katika hali hiyo shule mwenyeji itoe mwalimu wake mmoja awe mlezi wa timu hiyo tangu mwanzo, aketi nao benchini na ajue majina yao kabla ya dakika ya kwanza. Mwenyeji kulinda watoto wa mgeni si jambo geni Meru wala Embu.

Mizani

Nikizipima rai hizi tatu, ngazi inashinda kwa makosa madogo na ukali unashinda kwa makubwa, na kwa kweli sheria ilishasema hivyo tangu 2019. Wanaotaka ripoti peke yake wana jambo moja la kufundisha, nalo ni wakati: kadi inaweza kungoja mpira utoke, na hasira ya refa mwenyewe inaweza kungoja pumzi tatu. Lakini kungoja mpaka kesho ni kuikabidhi mechi kwa mwenye sauti. Kama uwanja ni wa hatari kiasi kwamba kocha hawezi kuondolewa, basi ni wa hatari pia kuendelea kuchezea, na refa ana mamlaka ya kusimamisha mchezo, kumpa nahodha na kamisaa muda wa kumwondoa mtu wao, na ikishindikana kuuvunja na kuandika sababu. Kuvunja mechi kunaumiza wachezaji wasio na hatia. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu timu huweza kumbembeleza kocha wake atoke kwa dakika mbili pale ambapo refa angechukua kumi.

Mengine yote ni maandalizi, na hayahitaji bajeti ya serikali. Chokaa kidogo, au hata majivu ya jikoni, yanatosha kuchora eneo la ufundi mbele ya kila benchi. Kikao cha dakika tano kabla ya mechi, makocha wote wawili, refa na kamisaa wakiwa wamesimama pamoja, kinatosha kukubaliana mambo matatu: nani atachukua timu kocha akitoka, nani atamsindikiza, na ataenda wapi. Darasa la mbali linafaa. Ofisi ya mwalimu wa zamu inafaa zaidi, kwa sababu ina kiti na kikombe cha chai. Basi pia linafaa, mradi lisiwe nyuma ya goli. Dereva aombwe kulihamishia upande wa pili wa majengo mapema, kabla kipenga cha kwanza hakijalia. Dakika ya sabini, mwalimu akiwa ameshapanda na dirisha likiwa wazi, hakuna dereva atakayekubali kuwasha injini.